Kumtunza Mama Mwenye Dimenshia Hadi Mwisho: Mwongozo kwa Binti Anayeishi Nairobi

Mama yangu, mzaliwa wa milima ya Taita, aliishi nami katika nyumba ya vyumba viwili mtaani Umoja kwa miaka sita ya mwisho ya maisha yake, naye alifia kitandani mwake huku nimemshika mkono. Katika miaka hiyo nilijaza madaftari kumi na moja: alichokula, saa alizolala, dawa alizomeza, maneno aliyoyarudia, pesa zilizotumika na aliyezitoa. Mwongozo huu nimeutoa katika madaftari hayo. Nimeupanga kwa hatua kwa sababu ugonjwa wenyewe huenda kwa hatua, na kosa lililoniumiza zaidi ni kwamba karibu kila jambo nililifanya baada ya wakati wake kupita. Nilimwita wakili Mama akiwa hawezi tena kuelewa anachotia sahihi, na nikaanza kuulizia hospisi, yaani huduma ya kuwatuliza wagonjwa wasioponyeka, maumivu yakiwa yameshaingia. Wewe unayesoma mapema bado una nafasi hiyo.

Hatua ya kwanza: Mpeleke hospitali kabla ya kuupa ugonjwa jina

Mama alikuwa fundi wa kushona nguo kwa zaidi ya miaka thelathini. Nilijua kuna jambo siku niliyomkuta ameketi mbele ya cherehani yake, uzi mkononi, hajui unapita wapi. Kabla ya siku hiyo alikuwa akirudia maswali na kusahau ahadi, nasi sote tukasema ni uzee. Uzee humfanya mtu achelewe kulikumbuka jina la jirani. Haumfanyi fundi aisahau kazi ya mikono yake. Ukiona mzazi anashindwa na kazi aliyoifanya maisha yake yote, anapotea katika njia anayoijua, hawezi tena kuhesabu chenji, au tabia yake imegeuka hata wanaomfahamu wanashangaa, usingoje.

Dimenshia ni jina la jumla la hali inayotokea ubongo unapoharibika kiasi cha mtu kushindwa kujiendeshea maisha. Inayoonekana zaidi husababishwa na ugonjwa wa Alzheimer, uliopewa jina la daktari Mjerumani Alois Alzheimer aliyeueleza mwaka wa 1906. Nyingine hutokana na mishipa ya damu ya ubongo kuziba au kupasuka, jambo linalowakabili hasa watu wenye shinikizo la damu na kisukari. Hata hivyo, usikubali jina hilo kabla vipimo havijafanywa, kwa kuwa yapo matatizo yanayofanana na dimenshia ambayo yana tiba: upungufu wa vitamini B12, udhaifu wa tezi ya shingo, kaswende iliyofika kwenye ubongo, VVU, damu iliyovujia ndani ya fuvu baada ya kuanguka, huzuni nzito ya muda mrefu, na hata dawa zenyewe, hasa za usingizi na baadhi ya zile za mzio. Omba apimwe damu na mkojo, apimwe macho na masikio, na daktari akiona inafaa apigwe picha ya kichwa. Beba dawa zote anazotumia, pamoja na za kienyeji na zile alizonunua dukani bila cheti.

Sisi wa Umoja tulianzia Hospitali ya Mama Lucy Kibaki, kisha tukapewa rufaa ya Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta. Popote utakapoanzia, kumbuka kwamba daktari atakaa na mama yako dakika chache tu, na mama mwenye adabu zake hujikaza mbele ya mgeni. Mama yangu alijibu maswali ya kwanza vizuri hata daktari akasitasita. Nilichofaa kufanya, na ambacho nilikifanya safari ya pili, ni kumpa daktari ukurasa mmoja wa daftari wenye mambo kumi niliyoyaona kwa macho yangu, kila moja na tarehe yake, bila kuyasimulia kwa sauti mbele ya Mama na kumvunjia heshima.

Dawa kama donepezili na memantini haziponyi. Huwasaidia baadhi ya wagonjwa kushika mambo kwa muda, nazo zina gharama, kwa hiyo mkubaliane na daktari tarehe ya kuangalia kama kweli zinasaidia kabla ya kuzinunua mwezi baada ya mwezi. Mkatae atakayewauzia tiba ya kuuondoa ugonjwa wenyewe. Tulipoteza pesa za miezi mitatu kwa mtu wa namna hiyo.

Jambo moja zaidi kabla ya kuiacha hatua hii. Waeleze majirani, kanisa au msikiti, na jamaa wa mashambani, kwamba mama ni mgonjwa na ugonjwa wake una jina. Mzee anayetangatanga usiku akisema peke yake yumo hatarini katika nchi yetu. Mwezi wa Oktoba mwaka wa 2021 wanawake wanne wazee waliuawa huko Marani, Kisii, kwa kusingiziwa uchawi. Aibu ya kumficha mgonjwa hailindi chochote.

Hatua ya pili: Malizeni mambo ya karatasi akili yake ikiwa bado inashika

Katika mwaka wa kwanza mama yako huenda bado ana saa nzuri, hasa asubuhi, ambapo anaelewa mali yake na anajua anataka nini. Saa hizo ndizo za kumwita wakili. Wosia wa maandishi huhitaji mwandishi mwenye akili timamu na mashahidi wawili, nao wasiwe warithi. Barua ya daktari iliyoandikwa siku zizo hizo, ikithibitisha kwamba anaelewa, itawaepusha na kesi baadaye.

Watu wengi hawafahamu kwamba hati ya kumwakilisha mtu katika mambo yake hupoteza nguvu mwenyewe anapopoteza uwezo wa kuamua. Ikishafika hapo, njia iliyobaki ni kuiomba mahakama, kwa mujibu wa Sheria ya Afya ya Akili, imteue mtu wa kumsimamia mgonjwa na mali yake. Sisi tulilazimika kupita njia hiyo kwa ajili ya kipande kimoja cha shamba, nayo ilikuwa ndefu.

Hakikisha kitambulisho chake kipo na majina yake yanalingana katika hati zote. Mwandikishe katika Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ambayo tangu tarehe 1 Oktoba 2024 imechukua nafasi ya NHIF, bima ya hospitali ya zamani, na kabla ya kila huduma kubwa uliza hospitalini ni kiasi gani kitakacholipwa na ni kiasi gani kitakachobaki kwenu. Ikiwa ametimiza miaka 70, muulize chifu kuhusu mpango wa Inua Jamii, unaowalipa wazee walioandikishwa shilingi 2,000 kwa mwezi. Haitoshi gharama, lakini hununua daipa za siku kadhaa.

Hatua ya tatu: Kaeni kikao cha ndugu, na muandike

Katika familia nyingi kazi hii humwangukia binti mmoja, mara nyingi yule asiyeolewa au aliyerudi nyumbani, kana kwamba hana maisha ya kuvurugwa. Ndugu wengine hutuma pesa wanapokumbuka na maoni kila siku. Nayasema haya bila kinyongo kwa kaka zangu, maana tulipokaa chini na kuandika, mambo yalibadilika. Tuliandika gharama za mwezi kwa vitu halisi, dawa, daipa, mshahara wa msaidizi, maziwa, teksi ya kwenda kliniki, kisha kila mmoja akachukua kitu chake badala ya kuahidi “kusaidia”. Aliyekuwa hana pesa alichukua siku: kila Jumamosi ya pili ya mwezi dada yetu mdogo alikuja kulala na Mama, nami nikaondoka.

Katika kikao hicho amueni pia mama atakaa wapi, na akae hapo. Upo utaratibu wa kumzungusha mgonjwa, miezi miwili Nairobi, miezi miwili kwa kaka Mombasa, miezi miwili shambani, ambao ndugu huuona kuwa ni wa haki. Kwao ni wa haki, kwa mgonjwa ni mateso. Kila nyumba mpya humlazimu kujifunza upya choo kilipo, naye ndiye asiyeweza tena kujifunza. Tulimpeleka Mama Taita mara moja kwa garimoshi hadi Voi, tukidhani milima itamtuliza. Alilia usiku tatu akiomba arudishwe nyumbani, na tulipomrudisha Umoja ilimchukua wiki kadhaa kuijua tena njia ya bafuni.

Hatua ya nne: Iandae nyumba

Anza na moto. Funga mtungi wa gesi kila unapomaliza kupika, na ikiwezekana uuweke nje au mahali asipopafikia. Ficha parafini, jiki na dawa; Mama aliwahi kuishika chupa ya jiki akidhani ni maziwa ya mtindi. Ondoa zulia dogo linaloteleza na waya unaopita sakafuni. Bafuni weka kiti cha plastiki kizito na chuma cha kujishikilia ukutani, mwombe mwenye nyumba ruhusa ya kutoboa, wengi huelewa wakielezwa. Maji ya Nairobi yanakuja kwa zamu, kwa hiyo jaza mitungi mapema, maana mgonjwa aliyejichafua hawezi kungoja siku ya maji. Weka pia taa ya kuchaji kwa ajili ya usiku ambao stima itapotea, kwa sababu giza la ghafla humtia hofu isiyotulizika.

Kuhusu kutoka nje, usitegemee kufuli peke yake. Kamwe usimfungie mgonjwa ndani akiwa peke yake, kwa kuwa moto ukitokea hataweza kujiokoa. Waoneshe mlinzi wa lango, keyateka wa ploti, mama mboga na makondakta wa stejini picha ya mama yako, na uwape namba yako ya simu. Shona namba hiyo ndani ya ukosi wa nguo zake na kwenye pindo la leso yake, maana mkoba atauacha. Mama alitoka siku moja mlinzi akiwa anabadilishana zamu na mwenzake, nasi tukampata baada ya saa tatu, ameketi kwenye steji kando ya Outer Ring Road, akingoja gari la kwenda kwao. Kijana muuza karanga ndiye aliyeisoma namba kwenye leso. Ukimkosa kwa dakika chache, piga ripoti polisi papo hapo na utume picha kwa kila kikundi cha mtaa. Hakuna haja ya kungoja siku ipite.

Hatua ya tano: Jifunze upya kuzungumza naye

Hapa ndipo nilipokosea zaidi, na ndipo ningependa ukae nami kwa muda.

Mama aliniuliza asubuhi moja mama yake yuko wapi. Nilimjibu kwa ukweli kwamba Bibi alifariki kabla mimi sijazaliwa. Alilia kama mtu aliyepokea habari hizo wakati huo huo, kwa sababu kwake ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kuzisikia. Mchana akauliza tena, nami nikamjibu vivyo hivyo, akalia tena. Nilimfiwisha mama yake mara nne kwa siku moja nikiamini kwamba kusema kweli ni wajibu wangu. Muuguzi mmoja ndiye aliyenifundisha kuuacha mwaka wangu na kuingia katika mwaka aliomo Mama. Tangu hapo alipouliza mama yake yuko wapi, nilimwambia, “Nisimulie habari zake, Mama. Alikuwa akipika nini?” Naye alisimulia, akatulia, na swali likaisha. Mgonjwa anayemwulizia mama yake mara nyingi anaomba hifadhi, na hifadhi unaweza kumpa.

Fuata njia hiyo hiyo katika mambo mengine. Akisema ameibiwa pesa, usimwambie ameziweka mwenyewe. Mwambie mtatafuta pamoja, mtafute, kisha mnywe chai. Atamshtaki zaidi yule aliye karibu naye zaidi, nawe utaumia, basi waeleze ndugu mapema kwamba maneno hayo yatakuja. Akikataa jambo, ondoka na urudi baada ya robo saa, kwa kuwa ataisahau hoja lakini hasira uliyomwachia haitasahaulika upesi. Uliza swali moja kwa wakati mmoja, na liwe la kujibika: “Utakunywa uji?” ni bora kuliko “Unataka kula nini?” Keti mbele yake, macho yenu yawe sawa, umtaje kwa jina analolitambua. Lilipomtoka jina langu, Mama aliniita kwa jina la dada yake marehemu kwa karibu miaka miwili, nami niliitika.

Tarajia pia kwamba lugha alizojifunza ukubwani zitaondoka kwanza. Kiingereza cha Mama kilikwenda, kikafuata Kiswahili, kikabaki Kidawida, lugha ya kwetu Taita, peke yake. Msaidizi wetu alitoka Machakos na hakukijua hata kidogo, hivyo nilimwandikia ukutani maneno ishirini ya lazima: maji, choo, baridi, unaumwa, pole, keti, mimi nipo. Kama wewe mwenyewe ulikulia mjini na lugha ya mama yako huijui vizuri, jifunze sasa, angali anaweza kukufundisha. Nyimbo za kanisani za utotoni hubaki muda mrefu kuliko maneno. Mama aliimba beti nzima miezi mingi baada ya kuacha kuzungumza.

Jioni ni wakati mgumu. Nairobi jua huzama karibu saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima, na tangu saa kumi na moja wagonjwa wengi huanza kuhangaika, kutembea huku na huko na kudai kwenda nyumbani. Washa taa kabla giza halijaingia, funga mapazia ili asikione kivuli chake dirishani akadhani ni mtu, punguza sauti ya redio, na umpe mikono yake kazi anayoijua. Nilimletea Mama vipande vya vitambaa kutoka kwa mafundi wa soko la Gikomba, naye alivikunja na kuvipanga kwa rangi kwa saa nzima. Nikavivuruga usiku, akavipanga tena kesho yake. Sikuona vibaya, kwa kuwa ilikuwa kazi, na alikuwa mtu wa kazi.

Kuoga kunahitaji maneno yake. Mama aliyekulea kwa staha anavuliwa nguo na mtu ambaye siku hiyo hamtambui. Ukimwona akipiga na kuuma, ujue anajikinga. Mfunike leso mabegani wakati wote na kuogesha sehemu moja moja chini yake, mwambie unachokifanya kabla ya kukifanya, na maji yawe tayari yamepashwa moto kabla hujamwingiza. Si lazima aoge kila siku. Asioshwe na mwanamume ikiwa yupo mwanamke wa kufanya kazi hiyo.

Ukiona amebadilika ghafla, katika siku moja au mbili, akawa mkali, akaona vitu visivyokuwepo au akalala mchana kutwa, usiseme ugonjwa umeendelea. Dimenshia huenda polepole. Badiliko la ghafla mara nyingi ni maambukizi ya njia ya mkojo, nimonia, kufunga choo, upungufu wa maji mwilini, au maumivu asiyoweza kuyasema. Mpeleke hospitali. Pia usikubali upesi kupewa dawa kali za kutuliza zinazotumiwa kwa wagonjwa wa akili; kwa wazee wenye dimenshia huongeza hatari ya kiharusi na kifo, kwa hiyo muulize daktari ni za nini, za muda gani, na zitasimamishwa lini.

Hatua ya sita: Utunze mwili unapoanza kusahau kazi zake

Kula. Mketishe wima kabisa, mpe kijiko kidogo, ngoja ameze, kisha umwache ameketi nusu saa baada ya chakula. Vitu vyepesi kama maji ndivyo vinavyompalia mgonjwa zaidi, jambo ambalo sikulitarajia; uji wa wimbi mzito kidogo hushuka salama kuliko chai. Kimanga, chakula chetu cha Taita cha mihogo au viazi vitamu vilivyopondwa pamoja na maharagwe, kilimfaa Mama hadi mwezi wa mwisho kwa kuwa kilikuwa laini na kinywa chake kilikijua. Akikohoa kila anapokula, au sauti ikiwa na majimaji baada ya kumeza, mwambie daktari.

Choo. Mpeleke kila baada ya saa mbili kabla hajaomba. Daipa zikianza, badilisha mapema, safisha kutoka mbele kwenda nyuma, kausha, paka mafuta mazito. Kununua kwa jumla katikati ya mji ni nafuu kuliko kununua pakiti moja moja mtaani.

Ngozi. Mgonjwa asiyejigeuza hupata vidonda penye mifupa: mwisho wa uti wa mgongo, nyonga, visigino, viwiko. Mgeuze kila baada ya saa mbili, mchana na usiku, weka mto kati ya magoti, inua visigino visiguse godoro, nyoosha shuka isiwe na mikunjo. Alama nyekundu isiyoondoka ukiibonyeza ni onyo, ingawa kwenye ngozi nyeusi yaweza kuonekana kama weusi uliozidi au joto na ugumu wa mahali hapo. Usipasugue. Godoro la hewa husaidia, lakini halichukui nafasi ya kugeuza.

Hatua ya saba: Tafuta mtu wa pili

Hakuna mtu mmoja awezaye kazi hii mchana na usiku. Unapomtafuta msaidizi, mwambie ukweli wote kuhusu ugonjwa kabla hajaanza, mlipe kwa kazi ya uuguzi na si kwa kazi ya kufua, na umpe siku yake ya kupumzika bila kuiomba. Mtu aliyechoka huanza kuvuta mkono kwa nguvu, nawe pia. Usiku mmoja nilimfokea Mama hadi akajikunja ukutani kama mtoto. Asubuhi nilimpigia simu kaka yangu nikamwambia nimefika mwisho, naye akaja siku tano. Piga simu hiyo kabla ya usiku kama ule. Lipo pia shirika la Alzheimer's and Dementia Organization Kenya linalowakutanisha walezi, na kuzungumza na mtu anayeyajua haya bila kuelezwa ni nafuu kubwa.

Hatua ya nane: Zungumzeni kuhusu mwisho kabla haujafika

Dimenshia huua. Wengi hawaambiwi hivyo, nao hushtuka miaka ikipita kana kwamba wameshindwa wao. Mgonjwa anapokuwa haongei, hatembei, anapungua uzito na kupata nimonia mara kwa mara, muulize daktari waziwazi kama huu ni mwisho, na muulize kila tiba mpya itampa nini na itamgharimu nini. Kwa mgonjwa aliyefika hapo, mpira wa kulishia kupitia puani au tumboni haujaonekana kurefusha maisha wala kuzuia chakula kuingia mapafuni. Tena wengi huuvuta, kisha hufungwa mikono. Sisi tuliukataa baada ya kikao kizito. Nilimlisha vijiko vitatu, vinne, alivyovitaka yeye.

Tafuta huduma ya tulizo mapema. Hospisi ya Nairobi, iliyoanzishwa mwaka wa 1990, iko katika eneo la Hospitali ya Kenyatta, na hospitali kadhaa za umma zina wahudumu wa namna hiyo. Si kwa wagonjwa wa saratani tu. Hao ndio wanaojua kusoma maumivu ya mtu asiyesema: paji lililokunjamana, mlio anapogeuzwa, ngumi zilizokazwa. Mofini ya maji, ikitolewa kwa kipimo cha daktari, hutuliza maumivu na kupunguza shida ya kupumua. Jamaa mmoja aliniambia namwua Mama kwa dawa ile. Muuguzi alimketisha akamweleza kwamba kipimo kile ni cha kumwondolea mateso, naye akaelewa. Mwache mtaalamu alijibu neno hilo, usilibebe peke yako.

Amueni pia atafia wapi. Ikiwa ni nyumbani, andika ukutani namba ya muuguzi, ya daktari na ya chifu, na mwagize kila mtu wa nyumbani asikimbilie kuita ambulensi kwa hofu.

Hatua ya tisa: Siku za mwisho

Atalala zaidi na zaidi, ataacha kula, kisha ataacha kunywa. Usimlazimishe, mwili unaofunga kazi zake hauna njaa kama yako. Lowesha midomo kwa kitambaa chenye maji kila baada ya muda mfupi na uipake mafuta. Mkojo utapungua na kuwa mweusi, mikono na miguu itapoa na kuonyesha mabaka. Pumzi zitakuja kwa kasi, kisha zitakatika kwa nusu dakika, kisha zitarudi. Huenda kooni kukawa na mlio wa mate asiyoweza kuyameza. Unamtisha msikilizaji kuliko unavyomsumbua mgonjwa, na kumlaza ubavu husaidia. Zungumza naye, kwa sababu kusikia hudhaniwa kuwa miongoni mwa mambo yanayokwenda mwisho. Waite ndugu walio mbali, na asiyeweza kufika mwekee simu karibu na sikio la mgonjwa.

Tulimwimbia Mama kwa Kidawida. Alikata roho saa kumi na moja alfajiri, kati ya ubeti na ubeti.

Hatua ya kumi: Baada ya pumzi ya mwisho

Hakuna haraka. Mfumbe macho, mnyooshe viungo, muosheni kwa desturi na dini yenu. Mimi na dada yangu tulimwosha mara ya mwisho kwa leso ile ile. Kisha mjulisheni chifu au naibu wa chifu, mkiwa na kitambulisho chake na barua ya daktari au hospisi inayoeleza ugonjwa, kwa kuwa ndiye anayeandikisha kifo cha nyumbani ili kibali cha mazishi kitolewe. Mochari pia yaweza kuomba barua ya chifu au ya polisi kwa mwili unaotoka nyumbani, basi uliza siku ambazo mgonjwa bado yu hai. Mkizika mashambani, mwenye gari la kubebea mwili ataomba kibali hicho kabla ya kuondoka. Kutoka Nairobi hadi Voi ni karibu kilomita 330, na hapo milima bado. Cheti cha kifo hufuata baadaye kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, nacho kitahitajika benki na mahakamani. Pesa zilizobaki kwenye simu au benki yake zisiguswe kabla ya mirathi kufunguliwa, hata kwa gharama za matanga, kwa maana Sheria ya Urithi inakataza kuingilia mali ya marehemu bila idhini.

Mofini iliyobaki uirudishe hospisi au hospitalini, usimpe jirani mwenye maumivu. Daipa na godoro la hewa vilikwenda kwa familia nyingine tuliyoijua kliniki. Usingizi wako hautarudi mara moja. Miezi minne baada ya mazishi nilikuwa bado naamka saa nane usiku, saa ya kumgeuza, nikaenda hadi mlangoni mwa chumba chake. Ukijikuta umesimama pale, keti kidogo kwenye kitanda chake, kisha urudi ulale.